Usiruke Mstari, Redio

Dada yangu,

Shikamoo. Umeamkaje, umeshindaje, na mguu ule unaovimba umeanza kukusikiliza au bado una kiburi? Kuku wanataga? Bati la jikoni limezibwa au mvua ikinyesha bado mnaweka ndoo? Mimi huku sijambo. Mafua yalinikaba koo mvua zilipoanza, sasa yameniachia na sauti imerudi, na wanafunzi wangu wanasema hiyo ni bahati mbaya kwao. Nakula, nalala, nafanya kazi yangu. Namshukuru Mungu kwa hayo.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Niliusikiliza, nikaenda kuanika nguo, nikarudi nikausikiliza tena. Umesema maandishi yanakukimbia kama siafu waliomwagiwa maji, kwamba jioni ikiingia huvuki kizingiti, na kwamba daktari amekuambia ni ugonjwa ule ule wa baba, ule ule wangu, wewe umechelewa tu kukufikia. Pole dada. Pole sana. Nasema pole kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

Kabla sijaenda mbali nina neno na anayesoma. Najua barua hii husomi wewe mwenyewe. Umesema jirani ndiye anayekusomea siku hizi, na jirani mwenye miwani, muda na hamu ya mambo ya watu hapo mtaani ni mmoja. Redio, habari za siku nyingi mama? Usininunie kwa jina hilo. Aliyekubatiza ni dada, uliposambaza habari za mumewe kumkimbia kabla hata mwenyewe hajajua kakimbiwa. Sasa nakuomba wema mmoja. Soma yote. Usiruke mstari, usipunguze, usitie chumvi. Ukifika mahali pagumu, kunywa maji, kisha uendelee. Dada atakushukuru, na asipokushukuru basi mimi nakushukuru mapema.

Umeniuliza maisha ya kituoni yakoje, nami nakujibu kwa moyo mmoja. Kituo ni majengo marefu yaliyoshikamana, na ukutani kumepita kamba usawa wa kiuno ili mgeni asipotee akienda chooni. Asubuhi wanafunzi wanajifunza fimbo nyeupe, kwanza uani, kisha nje ya geti, kisha barabarani penye magari. Mchana wanakaa na nukta nundu, wanapapasa herufi mpaka ncha za vidole zinakufa ganzi. Mimi nafundisha jiko na mambo ya nyumbani. Nawafundisha kumimina maji baridi kidole kikiwa kimening'inia ndani ya kikombe, na maji ya moto kwa kusikiliza, maana kikombe kikikaribia kujaa sauti yake hupanda. Nawafundisha kushona kifungo kidogo ndani ya pindo ili mtu ajue sketi ipi ni nyekundu na ipi ya msibani. Wanaanza wakilia. Wengi wanamaliza wakibishana na mimi juu ya chumvi, na hapo najua wamepona.

Wanaokuja wengi wameletwa na ndugu kama mizigo. Wengine wameshakaa ndani miaka, wanalishwa, wanavalishwa, wanaambiwa tulia hapo hapo utajiumiza. Ndugu hao si wabaya wote, dada. Wapo wanaopenda sana. Ila kuna mapenzi yanayomkalisha mtu kwenye kiti mpaka anasahau ana miguu, na mimi kazi yangu ni kumwinua kwenye hicho kiti huku ndugu zake wakiniangalia kwa hasira. Nimeshatukanwa na mama za watu mpaka nimezoea. Bibi mmoja aliniambia nina roho ya jiwe, nikamjibu kwamba ndiyo niliyoajiriwa nayo.

Kuingia hapa si rahisi, hilo nalo lazima nikuambie. Vitanda ni vichache na wanaovililia ni wengi, na kila awamu walimu tunakaa kuchagua. Na mimi nakaa humo. Umeomba nikusemee, umesema damu nzito kuliko maji. Awamu hii upande wa wanawake kilibaki kitanda kimoja. Nitakuambia kimekwendaje, usiwe na haraka.

Ulisema pia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Msemo mzuri. Ila safari hii mgonjwa ni wewe na mganga unayemtaka ni mimi, kwa hiyo vumilia tuyapitie kidogo hayo yaliyopita. Wewe unayajua, lakini nataka uyasikie kwa mdomo wa mtu mwingine.

Macho yangu yalizima mapema kuliko yako. Mwanangu alikuwa hajaanza hata chekechea, na baba yake alipoona naanza kupapasa kuta aliona afadhali akapapase maisha yake kwingine. Wewe ulikuwa unakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ulikuja kila siku, sikatai, ulipika, ulifua, ulimwogesha mtoto. Nilikuita mkombozi wangu mbele za watu. Wewe Mungu hakukupa wa kwako, na nilipokusikia ukimwimbia nilifurahi, nilisema basi riziki yangu na iwe yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini mimi mjinga niliona hata asiyezaa anaweza kuujua.

Kisha mtu akapeleka neno ofisi ya ustawi wa jamii kwamba kuna kipofu analea mtoto peke yake na siku moja atamchoma. Uliniambia ni walimu wa chekechea aliyokuwa ndiyo kwanza ameanza. Nikakuamini. Afisa alikuja mara ya kwanza akatoa muda, akasema nijifunze, kisha atarudi kuangalia kama naweza kuendesha nyumba na mtoto ndani yake. Nikiweza, mtoto anabaki kwangu. Nikishindwa, anahamia kwako. Lilikuwa jambo wazi hivyo.

Kituo hiki hiki ndicho kilichomtuma mwalimu wa fimbo kuja kunifundisha nyumbani, yule mzee mpole tuliyemwita Polepole. Utamkumbuka, ulikuwa ukimwiga anavyotembea. Yeye ndiye aliyenipangia nyumba. Meza ndogo ikae ukutani chini ya dirisha, viti viegemee ukuta wa pili, na katikati, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye viti, pabaki peupe pasiwe na kitu. Alituita sote watatu, mimi, wewe na mtoto, akatutamkia sheria yake. "Nyumba ya asiyeona haisogezwi kitu bila kusema. Hata kiatu. Ukisogeza, sema." Wewe uliitikia kwa sauti. Mtoto naye akaitikia kama darasani, na tukacheka.

Nilijifunza kama mtu anayefukuzwa. Niliungua vidole, nikavunja vikombe, nikachanganya unga na majivu nikaunywa uji wangu huo huo kwa hasira. Siku alipokuja afisa nilikuwa tayari. Asubuhi nilipiga deki. Niliisogeza meza ndogo, nikapiga deki chini yake, nikairudisha ukutani, nikaigusa kwa goti kuhakikisha, maana Polepole alisema goti halisahau. Wewe ukaja mapema na gauni jipya linalokwaruza, ukasema huwezi kumwacha mdogo wako peke yake siku kama hiyo. Ukaja na Redio, ukasema anafaa kuwa shahidi wa wema wangu. Polepole alikuwa bado njiani. Mtoto ukamkalisha sebuleni kwenye mkeka, ukamwambia atulie asichafue nguo.

Afisa alipobisha hodi mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni. Nikamsikia akikaribishwa, akikaa, akisifia usafi. Chai niliichemsha mwenyewe, nikaimimina mwenyewe, vikombe vikajaa sawa sawa, na nilipopitisha kidole kwenye sinia lilikuwa kavu. Dada, nilikuwa na raha. Tangu macho yazime sikuwahi kuwa na raha kama ile. Nilijisemea leo watanikoma. Nikatoka kichwa juu kama bi harusi.

Ugoko ukagonga ubao pale ambapo hapakuwa na kitu. Sinia likaenda mbele, na mimi nikalifuata. Sauti ya mwanangu aliyotoa siwezi kuiandika, na wewe huihitaji, ulikuwepo.

Chai ilimmwagikia paja lote. Polepole aliingia watu wakimmwagia mtoto maji baridi, na kitu cha kwanza alichouliza ni nani kasogeza meza. Afisa alisema aliikuta pale pale katikati, na kwa mtu anayeona meza ya katikati ya sebule ina ajabu gani? Kila nyumba ndipo inapokaa. Ndipo wewe ukajibu, kwa sauti ya mtu anayehurumia: "Ameisogeza mwenyewe asubuhi akipiga deki. Amesahau kuirudisha." Redio alikohoa.

Niliamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko paja la mtoto. Goti langu lilikumbuka ukuta, lakini kichwa kikasema goti linadanganya, maana dada ameona na mimi sijaona. Mtu asiyeona hana shahidi mwingine ila anayemwambia. Polepole alinivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikamwambia nimesahau, ni mimi, nimemuunguza mwanangu kwa mkono wangu. Mzee wa watu akanipapasa bega. Afisa akamwandika mtoto kwako jioni ile ile, na wala sikubisha. Ningebisha kwa lipi?

Ukamfundisha kuniita mama mdogo. Mimi niliyebeba tumbo nikawa mama mdogo, na wewe uliyestahili kuitwa mama mkubwa ukavuka ukubwa ukawa mama basi. Nikija kwako nakalishwa kiti cha mlangoni, naletewa kikombe nusu nisije nikamwaga, naambiwa nisijisumbue kuinuka. Mtoto akinikaribia unamwita jikoni. Siku moja alitaka kukaa mapajani kwangu, ukamwambia kwa upole, mbele yangu, kwamba mama mdogo atakuangusha, unakumbuka alivyokuunguza. Akarudi nyuma. Nilisikia miguu yake ikirudi nyuma. Nikamaliza nusu kikombe changu, nikashukuru, nikaondoka. Baada ya hapo ndipo nilipofunga nyumba nikaja huku kuwa mwanafunzi, maana nisingeweza kukaa nyumba ya tatu nikisikia akikuita mama kila magharibi.

Haya, yaliyopita yamekwisha. Sasa yajayo.

Kwenye ujumbe wako umesema mwanao, umetamka hivyo hivyo, mwanangu, yuko likizo kwa rafiki yake wa shule wanajisomea mitihani. Hayuko huko dada. Yuko hapa. Yuko chumba cha pili kutoka hiki ninachoandikia, anajifunza kukunja shuka.

Alikuja mchana, mimi nikiwa na darasa langu la kumimina maji ya moto. Mlango ukafunguka, mtu akasimama bila kuingia, nikauliza ni nani. Akasema, "Shikamoo mama mdogo." Sauti imekua, imekuwa ya mwanamke, lakini niliijua kabla hajamaliza. Nikamimina maji nje ya kikombe mpaka mezani, mimi mwalimu mzima, na wanafunzi wakanicheka. Nikawaruhusu waende mapema.

Nilidhani amekuja kuniona. Nilikaa pale nikijipanga jinsi ya kufurahi bila kumtisha. Akaniuliza kama ni kweli hapa wanafundisha watu kabla macho hayajakwisha kabisa. Nikamuuliza nani anataka kujua. Akasema ni yeye. Akanieleza kwamba shuleni ngazi za jioni anazipapasa kwa mguu, kwamba mpira ukitokea pembeni haujui mpaka umempiga, kwamba wenzake wamempa jina la utani ambalo hataki kunitajia. Ana miezi mingi na jambo hili moyoni. Nikamuuliza kwa nini hakukuambia wewe unayeishi naye. Akasema alidondosha sahani siku moja jioni, na wewe ukasema bora kaburi kuliko kuwa kama mama yako mdogo. Na siku nyingine ukamwambia jirani, yeye akisikia, kwamba kipofu si mtu wa kulea wala wa kuolewa, ni mtu wa kuwekwa. Basi akaona akuwekee siri.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho wa kituo. Ni ule ule. Baba, mimi, wewe, na sasa yeye. Unakumbuka baba alivyokuwa akigonga milango jioni, na mama akimnunia kwamba amelewa, na baba wa watu pombe hajawahi hata kuionja? Alikufa na jina la mlevi. Sisi tulilipata jina halisi la ugonjwa tukiwa tumechelewa, na mtoto huyu amelipata angali anasoma. Nililia dada. Nilijifungia jikoni nikalia kama siku ile ya chai, nikanawa uso, nikatoka kwenda kumfundisha.

Alilala kwangu. Siku iliyofuata alirudi kutoka kuoga akauweka mfuko wake katikati ya chumba, nami nikajikwaa nusura nianguke. Nikamfokea kama ninavyowafokea wote, nikamtamkia sheria ile ya Polepole, kwamba nyumba ya asiyeona haisogezwi kitu bila kusema. Mtoto akaketi kitandani bila kuuondoa mfuko. Nilidhani nimemkera, nikaanza kubembeleza. Kumbe analia. Akasema anaijua sheria hiyo, aliitikia akiwa mdogo, na tangu siku ile hajawahi kuisahau.

Redio, kunywa maji.

Akaniambia hivi: "Mama aliibeba meza akaiweka njiani. Nilitaka kukuita. Akaniwekea kidole mdomoni." Nikamuuliza kidole vipi. Akachukua kidole changu mwenyewe akakisimamisha kwenye midomo yangu ili nijue alichoona. Akasema jirani alikuwa amekaa kwenye kiti, naye akawekewa kidole hicho hicho, akacheka bila kutoa sauti. Baadaye, paja likiwa bado limefungwa bendeji, ulimwambia kwamba akisema lolote mama mdogo atafungwa jela na kosa litakuwa lake. Alikuwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Ameibeba hiyo meza miaka yote, dada, akidhani ni yeye aliyenipoteza kwa sababu alinyamaza.

Na wewe Redio, umetangaza ndoa za watu, mimba za watu, magonjwa ya watu. Katika maisha yako yote ulinyamaza siku moja tu, na ni siku ambayo mimi nilihitaji utangaze. Usiseme macho yako yameona vibaya kwenye mstari huu. Urudie. Dada asikie vizuri.

Najua hukukusudia mtoto aungue. Nakupa hiyo. Ulitaka tu nijikwae mbele ya afisa, nivunje vikombe, nionekane siwezi, na wewe uninyanyue kwa upole kama kawaida yako. Chai kumwagikia paja lake ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ikakupa mtoto. Ulipomwona analia ungeweza kusema ukweli. Uliangalia kwanza afisa anasemaje.

Utauliza kwa nini sikukujibu kwa sauti, ukasikiliza peke yako chumbani, mambo ya ndugu yakabaki ya ndugu. Ningeweza. Kituoni kila mtu anatuma sauti. Nilikaa mbele ya kompyuta inayosema, ile inayosoma kama karani aliyenyimwa chai, nikaandika hii herufi kwa herufi, nikaichapisha kwenye karatasi, kwa sababu karatasi huwezi kuisoma. Nilitaka ukae kitako usomewe. Nilitaka uisikie sauti ya mtu mwingine ikikueleza kilichotokea nyumbani kwako, usijue anachoruka na anachoongeza, umtazame na usiione sura yake. Mimi nimeishi hivyo na wewe, tena nikikushukuru. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa kitanda. Nilikuahidi nitakuambia. Kimekwenda kwa mwanangu. Walimu wenzangu walikuwa na jina lako na la kwake, na mimi nilitakiwa nitoke chumbani kwa sababu wote wawili ni damu yangu. Nilitoka. Lakini kabla ya kutoka nilisema kwamba mmoja ana maisha mbele na mwingine ana jirani wa kumsomea. Wakakubaliana nami haraka. Awamu ijayo unaweza kuomba tena, ingawa awamu ijayo nitakuwa humo pia.

Lipo moja limebaki, na hili silisemi kwa kujuta. Mtoto aliposikia na wewe umeomba alinijia mbio. Hakujua kabisa kwamba macho yako yanakwenda. Alilia tena, safari hii kwa ajili yako, baada ya yote aliyonieleza. Akaniomba kitanda chake upewe wewe. Alisema yeye bado anaona mchana, anaweza kusubiri, na wewe ni mtu mzima uko peke yako gizani. Ana moyo mzuri, sijui kautoa wapi, maana kwetu haupo. Alikuwa amenishika mikono yote miwili. Nikamwambia nimeshakupigia na umekataa. Nikamwambia umesema huwezi kulala chumba kimoja na vipofu, na kwamba yeye akishakuwa kipofu asikurudie, hutaki wawili nyumbani. Hakushangaa dada. Hakuuliza hata mara ya pili. Alisema tu, "Ndivyo anavyosemaga." Akaachia mikono yangu akaenda kulala. Asubuhi yake akaniita mama.

Nimeliweka jina hilo kifuani na sitalirudisha. Najua nimelipataje, kwa simu ambayo sikuipiga. Nililala vizuri, ukitaka kujua.

Sitakwenda ofisi ya ustawi kukushtaki, yule afisa sijui hata yuko wapi, na paja la mtoto haliwezi kurudi kama lilivyokuwa. Nguo zake utazifunga kwenye mfuko umpe mtu wa basi, vitabu vya shule pia. Daktari akikuandikia dawa yoyote ya kutibu usiichangamkie, hakuna, wasikudanganye. Anza sasa kujifunza chumba chako kwa mikono ungali unaona kidogo. Hilo nakuambia kama mwalimu, si kama ndugu, na ningemwambia mtu yeyote.

Nisalimie wote wanaoniulizia hapo mtaani. Redio, ahsante kwa kazi, najua koo limekauka, na najua kabla ya jua kuzama habari itakuwa imefika bombani. Isambaze yote, na sehemu yako usiisahau.

Dada, ukitaka kumwambia mtoto ukweli, njoo umwambie kwa mdomo wako, maana laini ya simu yake nimeibadilisha. Kutoka stendi kuna barabara ya malori isiyo na kivuko, na madereva hawapigi honi mpaka wamekufikia. Mimi mara ya kwanza niliivuka peke yangu nikilia, nikafika. Geti liko upande wa kushoto. Ukifika usisimame tu ukingoja kukaribishwa. Sema wewe ni nani na umekuja kwa nani, kwa sauti, maana humu ndani hakuna atakayekuona.

Ni mimi mdogo wako,
mama yake.